Shajara ya mradi: kilomita 14.3 za kioo

5 Mei, Jumatatu

Kebo imefika. Magurudumu manne ya mbao, kila moja limeviringwa kilomita 4, nyuzi 24 ndani yake. Lori limeshindwa kuingia getini kwa tope, tukayashusha barabarani na kuyasukuma moja moja kama watoto wanaocheza na matairi. Mvua ya Mbeya ilitakiwa iwe imeshatuaga mwezi uliopita. Haijasikia.

Kwa atakayesoma shajara hii baadaye (najua nitakuwa mimi mwenyewe, saa nane za usiku, natafuta kosa): kazi ni kuvuta faiba kutoka chumba cha mitambo cha chuo chetu mpaka maabara ya utafiti wa mazao iliyo nje kidogo ya Uyole. Chuo tayari kina gigabiti 1 kwa sekunde. Inapita Mkongo wa Taifa, njia kuu ya faiba ya nchi, hadi Dar, inaingia TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti nchini, kisha UbuntuNet, muungano wa mitandao ya namna hiyo wa nchi zetu, kisha Ulaya. Maabara wao wana redio juu ya paa, nayo hulegea kila mvua ikikaza. Data kubwa huwa wanaijaza kwenye diski, wanaizungushia kitenge, wanaipakia kwenye basi la Dar kama kifurushi.

Nitaipigia hesabu hiyo diski ya basi siku moja. Nina wasiwasi na jibu.

8 Mei

Kikaoni nimeulizwa tena: kwa nini tusinunue intaneti ya kawaida kama hoteli zinavyonunua? Swali halali. Intaneti ya hoteli imepangwa kwa watu mia wanaotazama video, kila mmoja kidogo kidogo. Mtafiti hafanyi hivyo. Anakaa wiki mbili kimya, halafu siku moja anataka kusukuma gigabaiti 180 kwa mkupuo, na haondoki ofisini mpaka ziishe. Mtandao wa vyuo hujengwa kwa mizigo ya namna hiyo.

Nikawapa na mfano wa jirani. Zamani barua pepe ya kutoka hapa kwenda chuo cha Malawi, mpaka tunauona kule Kasumulu, ilikuwa inapanda hadi London ndipo ishuke. Ndiyo maana mitandao ya vyuo ya Kenya, Malawi, Msumbiji, Rwanda na Afrika Kusini ilikaa pamoja mwaka 2005 ikaanzisha UbuntuNet, na makao yake yakawekwa Lilongwe. Mhasibu akasema, "Kumbe hata data zinapitia kwa mkoloni." Kikao kikacheka, bajeti ya nguzo ikapita. Nimshukuru mhasibu.

14 Mei, Jumatano

Njia imebadilika. Barabara kuu inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi, kwa hiyo kuchimba mtaro pembeni yake sasa hivi ni kuzika hela. Tutapita juu, kwa nguzo, mitaa ya nyuma: Ilomba, Isyesye, halafu Uyole.

Pale karibu na nguzo ya 41 kuna mama anauza chai na maandazi. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Akatazama kebo muda mrefu.

"Mwanangu, huo waya hauna shoti?"

"Hauna umeme mama. Ndani ni kioo."

"Kioo cha dirisha?"

"Kioo chembamba kama unywele."

Akafikiri kidogo. "Basi andikeni juu ya nguzo kwamba hamna shaba. Hawa vijana wa hapa hawasomi mawazo yenu. Watakata kwanza, ndipo wajue ni kioo."

Fundi mkuu amecheka, mimi nimeandika. Kesho tunanunua rangi nyeupe: HAPA HAKUNA SHABA, NI KIOO, kila nguzo ya tano. Ushauri wa bure kwa bei ya maandazi mawili.

Juzi umetimia mwaka tangu Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika huko kusini na nchi nzima ikabaki inachechemea. Wengi walidhani Mbeya tuko mbali na bahari. Hatuko mbali, mwanga wetu wote unateremka Dar kwanza. Nimeongeza kwenye orodha ya baadaye: kuulizia njia ya pili ya chuo kupitia Tunduma au Kasumulu, ambako mkongo nao unafika.

29 Mei, Alhamisi

Leo tumeunga. Visanduku vitatu vya maungio, kwenye kilomita 4.0, 8.1 na 12.1. Nataka niandike hatua zote kwa sababu kijana wetu wa mafunzo kazini ameniomba, na kwa sababu napenda kazi hii kuliko zote.

Unamenya kebo mpaka unakutana na mirija. Ndani ya mrija kuna nyuzi 12, kila moja na rangi yake, na rangi zina mpangilio ambao fundi anaukariri kama mtoto wa madrasa: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, bluu ya bahari. Ukiunga kijivu na nyeupe kwa haraka ya jioni, utakuja kulia. Unavuta ngozi ya plastiki, inabaki kioo chenyewe, mikromita 125. Unakifuta kwa spiriti mpaka kitoe mlio, kile kilio chembamba cha sahani safi. Unakikata kwa kikatio, si kwa mkasi, maana sura ya mkato lazima iwe bapa. Halafu unavilaza vichwa viwili ndani ya mashine ya kuungia, vinaonekana kwenye skrini yake vikiwa vinene kama mabomba ya maji, mashine inavisogeza yenyewe, cheche moja, wamekuwa kitu kimoja. Ikakuandikia: 0.02 dB, desibeli, kipimo cha mwanga unaopotea. Juu yake unasogeza kijiti cha plastiki, unakichemsha kisinyae, unakilaza kwenye trei.

Tulifanya kazi nyuma ya Noah, mlango wa buti umefunguliwa, blanketi limefunika pande mbili. Upepo wa Uyole jioni haukuulizi unafanya nini. Kisanduku cha pili na cha tatu tulivimaliza kwa tochi ya simu, ukungu umeshashuka, vidole havisikii. Kukunja nyuzi za akiba ndani ya trei na kufunga vifuniko nilifanya mwenyewe, kijana nikamwambia aende akanywe chai.

(Naiacha sentensi hiyo kama nilivyoiandika usiku ule. Tutairudia.)

30 Mei

Kijana ameuliza kwa nini kioo na siyo shaba. Nilimpa hesabu ninayoipenda. Mwaka 1966 Charles Kao na mwenzake Hockham, wakiwa Uingereza, walisema kioo kikisafishwa vya kutosha mpaka kipoteze chini ya desibeli 20 kwa kilomita, simu zinaweza kupita kwa mwanga. Desibeli 20 maana yake katika sehemu 100 za mwanga inabaki 1. Kioo cha wakati ule kilikuwa kibaya kuliko hapo, kibaya sana. Miaka minne baadaye Corning wakafika huko. Kao alipewa Nobel mwaka 2009.

Kebo iliyo kwenye Noah yetu inapoteza kama desibeli 0.2 kwa kilomita kwenye mwanga wenye mawimbi ya nanomita 1550. Kile Kao alichokiombea kilomita moja, sisi tunakipata kwa kilomita 100: toka Mbeya mjini, pita Igurusi, pita Chimala, bado unaenda.

Akaniuliza kama anaweza kuuona mwanga ukitoka. Alikuwa ameshainua ncha ya uzi kuelekea jichoni. Nimepiga kelele mpaka mama wa chai amesimama. Mwanga huo hauonekani na unaweza kuunguza jicho bila kukupa taarifa. Kuanzia leo ni sheria: uzi wowote ni uzi wenye mwanga mpaka kipimo kiseme hapana.

9 Juni, Jumatatu

Imewaka. Moduli (vifaa vya kutuma na kupokea mwanga) za gigabiti 10, zile za kilomita 40, kwa sababu za kilomita 10 hazifiki na za 80 zingeunguza mpokeaji kwa mwanga mwingi. Ndiyo, mwanga ukizidi nao ni kosa.

Picha zimepigwa. Mkuu wa idara amekata utepe wa kitambaa kilichobaki kwenye mahafali. Soda zimetosha.

Mimi sina raha. Hesabu yangu: kilomita 14.3 mara 0.2 ni 2.9, maungio matano (matatu njiani, mawili mwishoni) 0.25, konekta nne 1.2. Jumla desibeli 4.3 na nukta. Moduli inatoa +1.4 (ni nguvu ya mwanga kwa dBm, namba ikishuka mwanga umepungua), kwa hiyo maabara ipokee karibu −2.9. Inapokea −9.8. Desibeli 7 hazipo. Yaani katika kila sehemu tano za mwanga ambazo zingefika, nne zimemwagika mahali.

"Taa si ya kijani?" mkuu ameuliza.

Ya kijani, mzee. Moduli inaishi mpaka −15.8. Ndiyo ubaya wenyewe.

17 Juni, Jumanne

Kama nilivyoogopa. Baridi ya kipupwe imekaza, na kila alfajiri kati ya saa kumi na moja na saa moja mawasiliano yanakatika, yanarudi, yanakatika. Jua likipanda, kimya, kila kitu kizuri. Maabara wanaandika lalamiko saa mbili, mimi nafika saa tatu, naona kijani, naonekana mwongo.

Nimefuta konekta zote pande zote mbili. Moja ilikuwa na vumbi la kuaibisha. Njia ya mwanga katikati ya uzi ina upana wa mikromita 9 tu. Chembe ya vumbi la Mbeya ni jiwe la mlima Loleza mlangoni. Imerudi desibeli 0.4. Shukrani, lakini siyo hiyo.

20 Juni, Ijumaa

Nimeazima OTDR. Chombo hiki hutuma mpigo wa mwanga na kusikiliza mwangwi unaorudi, halafu huchora mstari unaoteremka taratibu. Mahali pa kosa mstari huruka au huanguka ngazi. Kwa sababu mwanga ndani ya kioo huenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde, muda wa mwangwi unakupa umbali.

Kwa nanomita 1310: ngazi ndogo kwenye kilomita 8.1, desibeli 0.3. Mtu asiye na shida angeipita.

Kwa nanomita 1550: palepale, desibeli 6.2.

Hapo nikajua, na tumbo likanikaza. Ungio baya hupoteza karibu sawa kwa rangi zote mbili. Kinachomeza 1550 na kuiachia 1310 ni uzi uliokunjwa mno. Mwanga wa mawimbi marefu haujishikilii vizuri kwenye kona kali, unatoka nje kama abiria wa bodaboda. Na kilomita 8.1 ni kisanduku cha pili. Kile nilichokifunga mwenyewe, kwa tochi ya simu, kijana akiwa anakunywa chai.

Umbali wa OTDR ni wa kioo, siyo wa barabara. Una akiba iliyoviringwa kwenye nguzo ndani yake. Ukienda na mita za gari utapanda nguzo ya jirani. Tumetoa akiba zote kwenye hesabu tukaangukia nguzo ya 83.

Tumekifungua saa tisa alasiri. Nyuzi za akiba nilikuwa nimezikunja duara dogo kuliko kifuniko cha chupa ya maji, na pembe moja imebanwa na kifuniko cha trei. Usiku wa baridi plastiki inasinyaa, inabana zaidi, ndiyo maana alfajiri. Kijana alikuwa ameshika ngazi chini. Nikamwita apande aone. Hakusema kitu, na mimi nikasema: "Hii ni ya kwangu, siyo ya kwako." Tumezilaza upya kwa duara pana. Simu imepigwa kutoka maabara: −3.1.

24 Juni

Alfajiri nne mfululizo, hakuna kukatika. Nimefika saa moja asubuhi kuhakikisha, maabara ikiwa bado imefungwa. Mlinzi kanigawia kande.

26 Juni

Jambo dogo lililonifurahisha. Wanafunzi watatu wa uzamili wamehamia maabara kwa wiki sita. Wamefika, simu zao zimeshika mtandao zenyewe kwa akaunti zao za chuo, bila kuuliza nenosiri. Ni eduroam, ule utaratibu ulioanzia Ulaya na sasa uko nchi zaidi ya 100. Mmoja alidhani tunamfuatilia.

1 Julai, Jumanne

Siku ya mzigo wa kweli: gigabaiti 180 za vinasaba vya vimelea vya maharage, kwenda kwa washirika Ulaya. Mtafiti, mama mmoja mpole anayeongea polepole, amebonyeza. Tumekaa.

Megabiti 3.2 kwa sekunde.

Nimepima ndani, maabara hadi chuo: gigabiti 9.4. Nimepima hadi Dar: karibu gigabiti nzima. Ulaya: 3.2, imeganda hapohapo kama imepigiliwa msumari. Kwa mwendo huo, siku tano na ushee.

"Basi la saa kumi na mbili jioni bado lipo," amesema bila kejeli. Nimefanya ile hesabu niliyoikwepa tangu Mei. Diski ya terabaiti 2, saa 14 mpaka Dar: sawa na megabiti 317 kwa sekunde. Basi limetushinda karibu mara mia, tena lina televisheni.

3 Julai, Alhamisi

Namba iliyoganda siyo ajali, ina sababu. Ningekuwa napoteza pakiti, vile vipande data inavyokatwa isafiri, kasi ingepanda na kushuka. Kwenda Ulaya na kurudi ni milisekunde 165. Nikazidisha 3.2 kwa 165, nikagawanya kwa nane, nikapata baiti kama elfu sitini na sita. Jirani kabisa na 65,535. Mtu wa mitandao akiiona namba hiyo anajua yuko wapi.

Nilimweleza mama wa maabara kwa viazi, maana tuko Uyole. Mfanyabiashara anapakia lori kwenda Dar, lakini mwenye mali amemkataza kupakia lingine mpaka risiti ya lile la kwanza irudi. Barabara ni pana, tupu, na yeye amekaa juu ya magunia anasubiri karatasi. Kompyuta zinafanya hivyohivyo: hutuma kiasi fulani, halafu husubiri jibu. Kiasi hicho zamani kilikuwa na kikomo cha baiti 65,535, na kwa safari ya milisekunde 14 kwenda Dar hauoni maumivu makubwa. Tangu 1992 upo utaratibu wa pande mbili kukubaliana kiasi kikubwa zaidi mwanzoni mwa mazungumzo. Ili kuijaza gigabiti 1 mpaka Ulaya unahitaji kama megabaiti 20 njiani kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo kuna mtu anazuia malori mengine," amesema.

Kuna mtu, naam. Mapatano yale yanatoka maabara mazima, yanafika Ulaya yamefutwa.

Lakini mbona kipimo cha Dar kilitoa karibu gigabiti nzima? Kwa sababu nilikipima kutoka kwenye ruta yetu, siyo kutoka kwenye kompyuta yake. Uvivu wangu wa dakika kumi, siku mbili zimekwenda.

4 Julai, Ijumaa

Fayawoli ya chuo, mlinzi anayekagua kila kinachoingia na kutoka mtandaoni. Ya kwetu, nyumbani, kwenye kabati ambalo napita mbele yake kila siku. Mtu aliweka kanuni miaka iliyopita ya "kusafisha" vichwa vya pakiti, nayo inafuta kila kitu isichokielewa, mapatano yale yakiwemo. Hakuna anayekumbuka ni nani. Sahihi kwenye daftari la mabadiliko haisomeki, na nina hofu inafanana na ya kwangu.

Sikuifungua fayawoli kwa kila mtu. Nimeipa seva ya maabara mlango wake wa pembeni: inapita moja kwa moja kwenye ruta, inaruhusiwa kuongea na anwani chache tu za washirika, na inakaguliwa hapohapo. Ofisi na wanafunzi wanabaki nyuma ya fayawoli kama kawaida. Nimeongeza nafasi ya kusubiria kwenye seva hadi megabaiti 32.

Saa kumi na dakika ishirini jioni amebonyeza tena. Megabiti 40, 200, 610. Ikakaa hapo. Gigabaiti 180 zimeisha kwa dakika arobaini. Mama hakupiga makofi. Alifunga kompyuta, akaifungua tena, akaangalia orodha ya mafaili upande wa pili, moja moja, kwa kidole.

Kisha akakumbuka: Jumatano alikuwa ameshapeleka diski kwa basi, kwa tahadhari. Inasubiri kuchukuliwa Dar na risiti yake iko kwenye pochi.

7 Julai

Sabasaba. Mapumziko. Nimelala.

12 Julai, Jumamosi

Kinachobaki: kipimo cha kudumu kinachojipima chenyewe kila saa kati yetu na Dar, ili nisitegemee tena malalamiko ya saa mbili. Barua ya njia ya pili imeandikwa, inasubiri sahihi. Rangi kwenye nguzo nne imeshaoshwa na mvua, tutarudia kwa rangi ya mafuta.

Leo haikuwa siku ya kazi. Nimemchukua kijana, tumepanda nguzo ya kisanduku cha tatu. Hakina lalamiko lolote, namba zote nzuri. Lakini nilikifunga jioni ileile, kwa tochi ileile, na vidole vilevile. Mara hii alifungua yeye, mimi nikashika ngazi.

"Fundi," amesema kutoka juu, kwa heshima zote. "Duara ni dogo na hili."

Amezilaza upya. Nimepiga simu maabara. −2.9.